Orodha ya mdogo wangu na orodha yangu: kompyuta kali ya magemu bila kuchoma hela

Katikati ya mwaka 2025 mdogo wangu alinitumia orodha WhatsApp na maneno mawili: "Dada, nipitishie." Ilikuwa ndefu na imepangika kama orodha ya mahari. Kadi ya michoro RTX 5080, prosesa Core Ultra 9 285K, ubao mama wa Z890 wenye taa kila kona, RAM GB 64, kipozeo cha maji chenye feni tatu, SSD ya kizazi cha tano. Mwisho kabisa: "pawa saplai yoyote, nitaipata hapahapa mtaani."

Nikamjibu kwa neno moja: "Skrini?"

"Si ninayo."

Anayo kweli, naijua. Inchi 24, 1080p, 60Hz, ilitoka kwenye ofisi iliyofungwa huko nyuma.

Ninaunga kompyuta za watu, na orodha za namna hii hunijia kila mara, majina tu ndiyo yanayobadilika. Pesa nyingi ziko kwenye vitu ambavyo marafiki watavisoma, chache kwenye kile ambacho macho yatakiona, na makombo kwenye kile kinachozuia vyote visiungue. Basi naweka orodha yake kando ya ile tuliyonunua hatimaye, kifaa kwa kifaa. Bei ni za dola, zilizotangazwa Marekani siku ya uzinduzi, kabla ya kodi. Dukani kwetu Dar utakuta zaidi, kwa sababu ya usafiri, VAT ya 18% na faida ya mwenye duka, na kila mwezi zinahama. Ninachotaka utazame ni pengo kati ya kifaa na kifaa.

Skrini kabla ya kitu chochote

Skrini ya 60Hz hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kompyuta ikitema fremu (yaani picha) 200 kwa sekunde, nyingi huzioni. Kwenye 60Hz kila picha hukaa milisekunde 16.7, kwenye 144Hz hukaa 6.9, kwenye 240Hz hukaa 4.2. Ukitoka 60 kwenda 144 umepunguza karibu milisekunde 10, na hiyo hata mama yetu aliiona alipopita nyuma ya kiti akauliza mbona "sinema" imekuwa laini. Kutoka 144 kwenda 240 unapunguza pungufu ya 3. Wanaocheza mashindano wana sababu ya kuilipia hatua hiyo. Wewe na mimi, sina uhakika.

Halafu kuna ukubwa wa picha. 1080p ina pikseli milioni 2.07, 1440p ina milioni 3.69, na 4K ina milioni 8.29. Maana yake 4K inaitwisha kadi ya michoro mzigo wa mara mbili na robo ya 1440p. Mtu akiniambia "nataka 4K" huwa namwuliza kama ameweka pesa ya kadi inayofuata pia, maana skrini ya 4K ni bei ya kuingilia tu. Malipo yenyewe yanakuja kila baada ya miaka miwili mitatu. Aliyekaa mkono mmoja mbele ya skrini ya inchi 27 anatoshwa na 1440p. 4K namwachia anayechomeka kompyuta kwenye televisheni ya sebuleni.

Orodha yake: skrini ya zamani, shilingi sifuri. Orodha yangu: inchi 27, 1440p, 180Hz. Kila kilichofuata kilipimwa kwa skrini hiyo.

(Kama unachocheza ni mpira tu, wewe na washikaji zako watatu na pedi mbili, acha kusoma hapa, nunua PlayStation 5, na chenji ipeleke kwenye kochi.)

RTX 5080 au 5070 Ti?

Kadi zote hizi zilitoka kati ya Januari na Machi 2025. RTX ni za NVIDIA (ukoo wa GeForce), RX ni za AMD (ukoo wa Radeon):

| Kadi | Kumbukumbu | Wati | Bei ya uzinduzi |
|---|---|---|---|
| RTX 5090 | GB 32 | 575 | dola 1,999 |
| RTX 5080 | GB 16 | 360 | dola 999 |
| RTX 5070 Ti | GB 16 | 300 | dola 749 |
| RX 9070 XT | GB 16 | 304 | dola 599 |
| RTX 5070 | GB 12 | 250 | dola 549 |
| RX 9070 | GB 16 | 220 | dola 549 |

Tazama safu ya 5080 na ya 5070 Ti. Kumbukumbu ni ileile. Chipu ni ileile pia, GB203, ila kwenye 5070 Ti sehemu yake imezimwa: viini (vitengo vya kukokotoa) 8,960 badala ya 10,752. Kwa hiyo 5080 inakupa viini zaidi kwa 20%, na inakudai pesa zaidi kwa 33%. Hata hiyo 20% haifiki yote kwenye skrini, kwa sababu kasi ya kumbukumbu imepanda kidogo tu, kutoka GB 896 hadi 960 kwa sekunde. Ndiyo maana 5080 ndiyo niliyoikata kwanza. Si kadi mbaya, bali dola 250 za mwisho hazifanyi kazi ya dola 250.

5090 ni habari nyingine. Hiyo haina mpinzani, na anayeinunua anajua hanunui kwa hesabu.

RX 9070 XT ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kwenye magemu ya kawaida inaikaribia sana 5070 Ti, na kwa bei ya uzinduzi ni nafuu kwa dola 150. Inapoachwa ni pale gemu linapowasha mwanga wa kufuatilia miale (ray tracing) kwa nguvu zote, kama Cyberpunk 2077 kwenye hali yake nzito zaidi, na kwenye kukuza picha, yaani kuchora ndogo kisha kuitanua: DLSS ya NVIDIA imo kwenye magemu mengi kuliko FSR 4 ya AMD. Kwa uzoefu wangu pia, siku ya kuuza, Radeon huku kwetu hukaa dukani muda mrefu kuliko GeForce. Mdogo wangu hubadilisha kadi kama anavyobadilisha viatu, kwa hiyo tulichukua 5070 Ti. Ingekuwa yangu, nikae nayo miaka mitano, ningebeba 9070 XT.

Kati ya 5070 na RX 9070, bei moja, chukua yenye GB 16. Magemu mapya yanameza kumbukumbu, na ikijaa, fremu hazipungui taratibu. Gemu linashtuka-shtuka kama daladala lenye klachi mbovu. Kwa sababu hiyohiyo usishike 5060 Ti ya GB 8 hata ikiwa na ofa. Ile ya GB 16 inaeleweka.

Neno moja kuhusu matangazo. Januari 2025, Las Vegas, Jensen Huang, bosi wa NVIDIA, alisimama jukwaani akasema 5070 ya dola 549 ina utendaji wa RTX 4090, kadi iliyotoka kwa dola 1,599. Hesabu hiyo inategemea fremu za kubuni: kadi inachora fremu moja ya kweli, kisha akili mnemba inatunga hadi tatu za kujazia. Picha inalainika, ni kweli. Lakini kidole chako bado kinasubiri fremu ya kweli inayofuata. Kama fremu za kweli ni 30, utaona 120 na utahisi 30. Ukilinganisha kadi, tafuta namba zilizopimwa bila fremu za kubuni.

Viini 24 dhidi ya viini 8

Hapa ndipo aliponinunia. Core Ultra 9 285K ya Intel ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 589, viini 24. Ryzen 7 7800X3D ya AMD, niliyochagua mimi, ni ya Aprili 2023, ilianza kwa dola 449, viini 8. "Dada, 24 na 8, hata mtoto wa darasa la pili anajua kubwa ni ipi."

Gemu halitumii viini hivyo vyote. Linachotaka ni data ifike haraka kwa viini vichache vinavyohangaika. 285K ina kache ya ngazi ya tatu (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 36. 7800X3D ina MB 96, baada ya AMD kubandika kipande cha ziada juu ya chipu. Fikiria mpishi mwenye viungo vyote mezani, na mwingine ambaye kila akitaka chumvi anatoka kwenda stoo. Huyo wa pili mpe wasaidizi 23, na pilau litachelewa vilevile. Kwenye magemu, 285K ilipopimwa iliachwa na prosesa hiyo ya zamani na nafuu, na mara nyingi iliachwa hata na i9-14900K ya Intel wenyewe. Anayehariri video au kujenga programu kubwa ana haki ya kuitaka. Mdogo wangu havifanyi vyote viwili, ingawa kila Januari anatangaza kufungua chaneli.

Ryzen 7 9800X3D, ya Novemba 2024, ilitoka kwa dola 479. Ndani yake kache imehamishiwa chini ya viini, joto linatoka kwa urahisi, na kasi imepanda. Ukizikuta mbili hizi zimepishana kwa dola 30, chukua mpya bila kujadiliana. Sisi tulikuta pengo pana zaidi, na kwenye 1440p na 5070 Ti anayefika kikomo kwanza mara nyingi ni kadi, si prosesa. 9950X3D ya dola 699 tuliipita bila kugeuka.

Na aliyebanwa zaidi? Ryzen 5 7600, dola 229, viini 6, inakuja na kipozeo chake ndani ya boksi. Afadhali hiyo pamoja na 5070 Ti kuliko 9800X3D pamoja na 5060 Ti. Anayetaka kujua kwenye kompyuta aliyonayo nani anamkaba, ashushe ubora wa picha na ukubwa wake hadi chini kabisa. Fremu zikipaa, kadi ndiyo iliyokuwa inakaba. Zikibaki palepale, ni prosesa.

Kuna pia suala la soketi, kikalio cha prosesa kwenye ubao mama. AM5 ya AMD ilianza 2022, na kampuni imeahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Si maneno matupu: wapo walionunua ubao wa AM4 mwaka 2017, na mwaka 2022 wakachomeka 5800X3D kwenye ubao uleule baada ya kuboresha BIOS, programu ya msingi ya ubao. Upande wa Intel, kubadilisha prosesa kumezoeleka kuja na kubadilisha ubao.

Tahadhari kwa wapenda mtumba: Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la volti lililozichosha kabla ya wakati. Intel ilitoa marekebisho Agosti 2024 na kuongeza waranti kwa miaka miwili, lakini marekebisho hayaponyi chipu iliyokwisha kuumia. Muuzaji asipojua BIOS yake ni ya lini, msalimie uendelee na safari.

Piga hesabu hadi hapa. Yake: 999 na 589, jumla dola 1,588. Yangu: 749 na 449, jumla dola 1,198. Zile 390 zilizobaki ndizo zilizonunua skrini.

Vya haraka haraka

RAM: GB 32, vijiti viwili vya 16, DDR5-6000 (6000 ndiyo kasi) yenye CL30 (kipimo cha kuchelewa, ndogo ndiyo nzuri). GB 64 kwa magemu ni stoo tupu. Vijiti vinne kwenye AM5 ni kujitafutia balaa, maana kasi rasmi inaporomoka hadi 3600. Tulinunua mapema; mwisho wa mwaka uleule bei za RAM zilipaa kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazoa chipu zote, na kwa sasa kununua GB 64 "za akiba" ni anasa halisi.

SSD: ya kizazi cha nne, karibu MB 7,000 kwa sekunde, TB 2. Ya kizazi cha tano inafika MB 14,000 na inatoa joto lake, lakini kwenye kufungua gemu tofauti utaitafuta kwa saa ya kusimamisha. Nafasi ndiyo utakayoilia, kwa kuwa magemu ya kuzidi GB 100 sasa ni ya kawaida.

Ubao mama: B650 ya kati, ya soketi ya AM5, badala ya Z890 ya Intel. 7800X3D haili umeme mwingi, kwa hiyo haihitaji ubao wa kifahari. Ukiunganisha B650 ya zamani na 9800X3D, hakikisha ina kitufe cha kuboresha BIOS bila prosesa, la sivyo utaangalia skrini nyeusi ukadhani umeuziwa kifaa kibovu.

Taa za rangi: hazina ubaya. Ziweke mwisho wa orodha.

Alipotaka kubana, nilipokataa

"Pawa saplai yoyote." Hapana. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea kompyuta imezima. Nilipofungua skrubu za pawa saplai harufu ilinipiga kabla ya kuona chochote: kapasita mbili zimevimba kichwani kama maandazi, moja imevuja gundi ya kahawia. Stika ilisema wati 700. Niliipima mkononi, nyepesi kuliko kilo ya sukari. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ikafa, na ikaondoka na ubao mama na SSD yenye kazi zake za chuo. Aliokoa kama shilingi elfu sitini siku ya kununua.

Kwa 5070 Ti NVIDIA inashauri wati 750, kwa 5080 wati 850, kwa 5090 wati 1,000. Nunua ya daraja la Gold (alama ya ufanisi), ya kiwango cha ATX 3.1, kutoka kampuni inayotoa waranti ya miaka mingi. Waya mnene wa pini 16 unaokwenda kwenye kadi usukume hadi usione mwanya hata kidogo. RTX 4090 kadhaa ziliyeyuka pini mwaka 2022, na kutosukumwa hadi mwisho ilikuwa moja ya sababu. Usiukunje karibu na shingo yake.

Mbele ya pawa saplai weka UPS, na soma wati, si VA. Nyingi za 650VA hubeba wati zisizofika 400, wakati kompyuta hii ikiwa kwenye gemu zito inagusa 400 peke yake, skrini bado. Tulichukua ya 1500VA yenye wimbi safi. Kazi yake ni kukupa dakika chache uhifadhi na kuzima. Atakayetaka kumalizia mechi kwa UPS atanunua betri mpya kila mwaka. Ile "fridge guard" ya friji inasaidia dhidi ya umeme kupanda na kushuka, lakini ukikatika inazima nawe.

Joto nalo. Kipozeo cha maji alichokitaka hakishushi joto chini ya lile la chumba, na chumba chake Mbagala mwezi wa pili kina nyuzi 33 saa tatu usiku. Pampu ikifa, wa kufanana nayo hayupo mtaani. Kipozeo cha hewa chenye minara miwili, kinachouzwa karibu dola 40, kinaitosha 7800X3D na sehemu pekee inayoweza kufa ni feni. Pesa iliyobaki ikaenda kwenye kesi yenye wavu mbele badala ya kioo, na vichujio vinavyochomoka. Vumbi la Dar likichanganyika na unyevu wa pwani linakuwa kama uji uliogandia sufuria. Blowa mara moja kwa mwezi, ukiwa umeshika feni kwa kidole isizunguke.

Na LUKU? Wati 400 kwa saa 4 kila siku ni uniti 48 kwa mwezi. Mashine ya 5090 inayokula wati 700 ni uniti 84. Nyumba iliyo kwenye daraja la nafuu la D1, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo moja inaitoa huko yenyewe, kabla ya friji na pasi.

Kununulia wapi

Prosesa, RAM na SSD niliagiza Dubai kupitia mtu anayesafirisha mizigo; ni vidogo, vyepesi, na haviharibiki ovyo. Kadi ya michoro na pawa saplai nilinunua hapahapa kwa bei ya juu kidogo. Waranti za vitu hivi mara nyingi ni za nchi ulikonunua, na kurudisha kadi ya kilo moja na nusu Dubai ni safari ya wiki kadhaa na nauli yake. Dukani niliomba iwashwe, tukaendesha gemu zito dakika 20 huku natazama joto. Muuzaji akikataa hilo, amekujibu.

Kompyuta ilikamilika Ijumaa jioni. Saa nne usiku simu: "Dada, umeniuzia mbuzi kwenye gunia. Gemu linatambaa." Nikamwambia ageuze kamera nyuma ya kesi. Waya wa skrini ameuchomeka juu, kwenye ubao mama; 7800X3D ina michoro midogo ya kwake, kwa hiyo picha ilikuja na kadi ya dola 749 ilikuwa imelala chini yake haina kazi. Akahamisha. Nikamwambia aingie BIOS awashe EXPO, mpangilio wa kasi ya RAM, maana RAM ya 6000 bila hiyo ilikuwa inakwenda 4800. Kisha mipangilio ya Windows, skrini, kasi: ilikuwa 60Hz. Akabonyeza 180.

Kimya kidogo, halafu nikasikia mlio wa risasi. Amekata simu.